Jaruba la Nne

Jumanne, Mlabani

Sikufukuzwa kazi. Naandika hilo kwanza, maana wiki tatu nimelala na hofu hiyo.

Makala ya Daktari Neema, mtafiti ninayemfanyia kazi, kuhusu mpunga imekubaliwa na jarida la kisayansi. Sikujua kwamba jarida haliamini tu linacholetewa. Linaipeleka makala kwa watu wawili wa kazi hiyohiyo, majina yao yamefichwa, waikague na kuuliza maswali. Mmoja aliuliza kwa nini jaruba la nne, kitalu cha nne cha majaribio, lilitoa mpunga kidogo kuliko mengine.

Niliyevuna na kupima ni mimi. Daktari aliponisomea swali nilisema kweli. Bibi mmoja wa Lupiro alikuja akiomba, nikamruhusu akate mafungu kadhaa kabla sijapima. Kwetu Maswa mtu haondoki kwenye mavuno mikono mitupu.

"Kaka Masanja, mbona hukuandika?"

"Niliogopa, Daktari."

Hakufoka. Aliliondoa jaruba lile kwenye hesabu, akamweleza mkaguzi yote yalivyokuwa. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi, kwamba sasa wataona daftari langu lote la vipimo ni uongo.

Leo kanionyesha jibu kwenye simu. Mkaguzi ameridhika, na anasema maelezo yale yamemfanya aziamini namba zilizobaki. Namba zangu hizo, mimi niliyeishia darasa la tano.

"Na bibi akirudi msimu ujao?" nikauliza.

"Mpe. Ila pima kwanza."

"Nimpime bibi?"

"Mpunga, Masanja."

Nimeshachora safu mpya daftarini. Juu yake nimeandika: Aliyochukua bibi.