Sauti za Bibi Ulizozifuta

Brighton,

Mlenda uko kwenye sufuria ndogo, ugali kwenye hotpoti. Mama akirudi mwambie nimepeleka kompyuta kwa fundi kule Ihumwa. Bado nina imani kuna kitakachookolewa.

Asubuhi umeniamsha kwa furaha: "Dada, nimekufanyia usafi, kompyuta ilikuwa imejaa!" Kumbe umeingia kwenye wimbo niliomrekodi Bibi, ukafuta kila sauti ambayo programu ilisema haitumiki. Hazikuwa takataka. Alikuwa Bibi akirudia kuimba, akicheka huku anapiga ngoma ya muheme, nami nilikuwa bado sijachagua ipi niitumie. Bibi tumeshamzika Kongwa. Nani atarudia tena? Nilipolia ukanicheka: "Msomi mzima analilia mafaili!"

~~Na mimi nimefuta wimbo wako niliokurekodia.~~

Sijaufuta. Nilitaka, mkono ukagoma. Sauti ya mtu mimi siifuti, hata yako.

Ndiyo maana mabaki yote ya sauti yako ya siku ile ya kurekodi ninayo: ulipokosa noti, ulipokohoa, na pale ulipodhani nimeshazima maiki, ukalia ukimwomba Violeth akurudie. Nimeyaunganisha vizuri, nikaongeza na kinanda. Kisha nimemtumia Violeth.

Funga bomba la uani, maji yakirudi yatafurika.

Violeth ameshajibu. Anakuja jioni na dada zake, wanataka kuyasikiliza kwenye spika kubwa, nawe ukiwa umekaa hapohapo. Usijifanye umelala. Mama ameshawakubalia kwa simu.

Dada yako