Mguu wa R Katika Karatasi ya Mumbuni

Mpendwa mama,

Miaka miwili sasa tangu tukuzike, na kuna jambo nimekuwa nikilizungukazunguka. Leo nalisema.

Unaikumbuka kadi ya mfano aliyotuletea yule bibi harusi wa kutoka Nairobi katika duka letu la uchapaji? Aliiweka mezani akasema anataka kadi zake ziandikwe kwa herufi kama zile. Ukatoa kioo chako cha kukuzia maandishi, kile ulichotoka nacho ofisini ulipostaafu upigaji chapa, ukainama. Ulinionyesha mkia wa g ndogo, tumbo la a, mguu wa R. Aina ya herufi zenyewe uliitambua, lakini ilikuwa ya kununuliwa ng'ambo na sisi hatukuwa na njia ya kuinunua. Tukapekua ile CD ya herufi za bure iliyokuja na gazeti la kompyuta, siku mbili nzima, hadi tukapata inayofanana nayo. Ni R tu iliyoisaliti. Katika ile ya kulipia mguu wake ulinyooka; katika yetu ulijikunja nchani.

"Bibi harusi hatapima miguu," ulisema, ukacheka.

Tangu hapo harusi nyingi za mjini zilialikwa kwa herufi zile. Ndiyo maana watu wa mtaa wa Mumbuni walipoamka wakakuta karatasi chini ya milango yao, zikiwaambia wapangaji waliotoka mbali wawe wamehama kufikia Jumamosi, kuna mtu aliyetazama kichwa cha maandishi akasema, hizi ni herufi za kwa Mama Mwikali.

Askari kanzu alikuja saa nne asubuhi. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Aliweka karatasi moja mezani, na kando yake kadi ya harusi tuliyoichapa sisi. Ulimkaribisha kiti. Ulitazama kwa kioo muda mrefu mno, nami nilisimama karibu na printa. Kisha ukampa kioo atazame mwenyewe. Ukamwambia karatasi ile imeandikwa kwa ile aina ya kulipia, na duka letu halijawahi kuwa nayo. Tulichonacho ni ndugu yake wa bure. Akatazama R, akatazama tena, akasema ni sawa, lakini itabidi ukamweleze mkuu wa kituo. Ukachukua kioo na ile CD, ukajifunga kitambaa kichwani, ukaenda naye.

Mama, kuna kitu ambacho hukukijua. Siku tatu kabla ya hapo, ukiwa kanisani kwenye mkutano wa akina mama, alikuja mwanamume mmoja mwenye shati jeupe. Alikuwa na disketi yake. Alisema anataka kumalizia barua ya kuomba kazi kwenye viwanda vya EPZ, na kwamba hahitaji kuandikiwa, anajua kompyuta. Nilikuwa na njaa. Nikamwachia duka nikaenda kula githeri ya mahindi na maharage kwa jirani. Niliporudi alikuwa ameshachapa, karatasi zake zimo kwenye bahasha, akanishukuru vizuri sana.

Ulipoondoka na askari nilifunga mlango kwa ndani, nikafungua mahali kompyuta inapoweka herufi zake. Nilishuka na orodha polepole, nikiomba nisiione. Ilikuwepo. Ile ya kulipia, jina lake kamili, na tarehe iliyowekwa ni ya siku ile ya githeri; ilikuwa imetoka kwenye disketi ya yule mwanamume.

Niliifuta, mama. Sikumfikiria mtu yeyote wa Mumbuni. Nilikufikiria wewe kwenye benchi la kituo.

Ulirudi alasiri. Walikuamini. Nilikuletea chai, nikakuuliza kama walikutisha. Ukaniambia hapana, uliogopa hapa hapa, ulipoinamia kioo.

"Niliogopa nikute ni zetu," ulisema. "Maana zingekuwa zetu, ningemwambia."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nilisema nitakuongezea maziwa.

Ijumaa, Nekesa, yule jirani yetu mshonaji aliyetoka mbali akapanga Mumbuni, alipakia magodoro kwenye mkokoteni na watoto wake watatu wakifuata nyuma. Ulisimama mlangoni ukamsihi abaki, ukamwambia askari wanafuatilia. Alisema hawezi kulala tena katika nyumba ile. Jumamosi ikapita bila lolote, na Jumapili, lakini yeye hakurudi. Nami kwa miaka yote iliyofuata, kila aliyeingia dukani na disketi yake mwenyewe nilimsimamia begani hadi atoke. Uliniuliza mara ngapi kwa nini sili tena mchana nje? Nilikuwa siwezi kuuacha ule mlango.

Mwezi uliopita nilisikia Nekesa anauza mitumba soko la Kithimani. Nilikwenda. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, nikitarajia anitukane mbele za watu. Hakunitukana. Aliendelea kukunja sweta ya mtoto, kisha akauliza jambo moja tu.

"Alikuwa nani?"

Nilimwambia simjui. Nakumbuka kola ya shati lake, nakumbuka alivyoniita dada. Jina sikuwahi kumwuliza, na ule uso nikiufikiria sana unageuka uso wa kila mtu.

"Basi hata leo anaweza kunijia hapa kununua nguo," Nekesa alisema, "nami nitamwambia karibu."

Alitazama watu waliokuwa wakipita sokoni, nami nikajikuta nawatazama, mmoja mmoja.

Pumzika mama. Sikuombi uniambie nilifanya vyema, maana najua usingesema hivyo. Nilitaka tu uyasikie kutoka kwangu.

Ni mimi mwanao,
Mwikali