Mama Alinipekua Kama Hanijui

Jumamosi, jioni. Ni ile baridi ya Julai, Kibera yote inanuka moshi wa makaa, lakini mashavu yangu bado yana moto.

Leo mama amenishika na magendo.

Si ya kweli. Ilikuwa siku ya mwisho ya kozi yao, polisi kama mama pamoja na maofisa wa mpakani, na sisi watu wa nyumbani tuliitwa tujifanye wasafiri. Mwalimu wao akanipa kifuko cha vijiwe, eti ndiyo madini ya wizi yanayovushwa kwenda nchi jirani. Nifiche ninapotaka. Kisha akanielekeza kwa meza ya mama. Mama akashtuka.

"Konstebo, mpakani hata ndugu zako watapita," mwalimu akamwambia.

Wacha niseme ukweli hapa, kwa sababu mdomo wangu hauwezi, si kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza cha shule. Nilitaka ashindwe. Akifaulu anapelekwa mpakani, na mimi nahamia Kawangware kwa mama mdogo.

Kwa hivyo nilificha kwa bidii. Nilikisukuma kifuko ndani kabisa ya afro yangu, nikachana nywele juu yake mpaka kikapotea.

Mama hakuniita jina.

"Dada, unatoka wapi?"

"Nyumbani."

Wenzake wakaangua kicheko. "Hiyo ni nchi gani sasa?"

Mama hakucheka. Akapekua mkoba, mifuko ya koti, viatu mpaka soli. Hakuna kitu. Nikaanza kufurahi, na hiyo furaha ikaniuma.

Halafu alipokuwa akinirudishia paspoti ya kuigiza, ikamponyoka. Nikachuchumaa kuiokota, shingo imenyooka kama nimebeba debe la maji.

"Simama hapo hapo, dada. Sasa naangalia nywele."

Kifuko kikatoka.

Mwalimu akamuuliza kama ameona kwa sababu mimi ni mtoto wake.

"Hapana, afande. Paspoti niliangusha makusudi. Mtu akiokota kitu, anainamisha kichwa. Huyu anakilinda."

Makofi! Askari mmoja akapiga kelele, "Huyo alale ndani leo!" Nilitaka kuingia chini ya meza, lakini nilikuwa nacheka huku machozi yakinitoka. Mama yangu!

Tukirudi nyumbani, karibu na mtaa wa Ayany, akaniambia polepole, "Ulificha vizuri sana. Hukutaka niende."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hata mimi nilitamani nisikione, mwanangu," akasema. "Lakini nilikiona."



Sasa anapanga sanduku lake, mimi napanga langu. Nalia kidogo, sifichi. Lakini jirani yeyote akibisha hodi saa hii akauliza matokeo, mama asijisumbue kuinuka. Nitafungua mlango mimi, na nitamwambia mimi.