Nusu Zako Ndani ya Kopo la Viraka

Vuai, mpumbavu mkubwa wewe,

Hali yako siulizi, maana nimekufukia kwa mikono yangu. Mie nipo, usingizi umenipaa. Wala si uzee, usianze. Ni kwa kitu alichoniletea mwanao Zuwena juzi, baada ya hitma yako ya arobaini, na mpaka leo sijakaa sawa. Nimekaa kwenye kiti cha wateja, mlango nimeufunga mchana kweupe. Mtaa mzima wa Ng'ambo watadhani kinyozi naye kafa.

Tangu uondoke, kibanda chako cha baiskeli kimefungwa na ukuta wa bati ulio kati yetu umenyamaza. Nikigonga kwa kitana, hakuna anayenijibu kwa spana. Jumanne nilisahau, nikagonga. Mteja akaniuliza nnamgongea nani. Nikamwambia nnafukuza panya.

Basi, Zuwena alikuwa akigawa vitu vyako. Pampu kampa mjomba wake wa Uroa. Mie akaniletea kopo lako la viraka, lile la bati lililoshika kutu. "Shikamoo, Ami. Hili lina jina lako." Nikaitikia marahaba huku nnacheka, nikijua umeniachia mzaha wa mwisho. Kweli, juu ya kifuniko umeandika, kwa mwandiko wako kama kuku kaparura: YA MCHA. Nikafungua nikitarajia mende.

Nusu za vidonge, Vuai. Kopo zima! Kila kimoja kimekatwa katikati, safi, hakikumong'onyoka.

Hapo nikaukumbuka wembe. 

Kila Ijumaa ulikuwa ukichungulia mlangoni: "Yakhe, nipe nusu wembe." Na mie, ambaye kazi yangu ni kuvunja nyembe nusu kwa nusu, nikikupa nusu moja na matusi juu yake. Nilidhani unakatia viraka. Kumbe wembe wangu mwenyewe ndio...

Ngoja nivute pumzi.

Unaikumbuka siku uliyorudi kwa daktari? Ulikuja umenyooka kama bwana harusi. Ukanambia kumbe mishipa ya damu nayo inazeeka, inakakamaa kama mpira wa ndani wa baiskeli uliosahauliwa juani, na presha ndiyo inayoizeesha mbio. Ukanionyesha dawa. "Haiirudishi ujanani," ukasema, "ila inaichelewesha kuzeeka." Nikakwambia, "Si ungewaomba na ya kuchelewesha uso! Lakini huko ushachelewa." Ulicheka mpaka ukakaa chini, na mie nikamkwaruza mteja sikio.

Ningenyamaza hapo. Lakini mdomo wangu unaujua. Nikasema: "Na mie je? Wewe ubaki na mishipa laini kama kijana, mie nizeeke peke yangu? Bao nitacheza na nani?" Ukanambia, twende wote ukapimwe. Nikakataa. Nikakwambia mtu haumwi mpaka apimwe. Ukanitazama, hukucheka. Nikadhani mzaha haukukuingia.

Umekuingia, yakhe. Umekuingia mno.

Zuwena kanieleza. Alikuona siku moja ukikata, ukamwongopea kwamba vidonge ni vikubwa, havipiti kooni. Yule ni muuguzi, na akakuamini kwa sababu ni babake. Kisha ile siku uliyopatwa na kiharusi, umelala mdomo ushapinda, ukamwonyesha kopo kwa mkono ule uliobaki mzima. Ukajikaza mpaka ukasema: "Ya Mcha, akiacha ubishi. Tuzeeke sawa."

Tuzeeke sawa! Wewe una akili? Tangu chuo cha Kurani tumegawana kila kitu nusu kwa nusu. Andazi nusu, sigara nusu, hata bakora za mwalimu ulikuwa ukijitia kwamba kosa ni letu sote ili nipate chache. Lakini dawa, Vuai! Nani kakwambia dawa inagawanywa kama andazi?

Nikamuuliza Zuwena, macho chini: "Mwanangu, mie ndiye niliyemuua?" Akakaa karibu yangu. "Hakuna wa kujua, Ami. Hata anayemeza kizima anaweza kupatwa. Lakini nusu siyo aliyoandikiwa." Hakuniongopea. Ningemwomba aniongopee kidogo, nikaona haya.

Sitakuficha. Nilichukua nusu moja nikaitia ulimini. Nilitaka tu taabu yako isipotee. Zuwena akanirukia, akaniingiza kidole mdomoni kama kitoto kilichokula mchanga. "Tema! Tema, Ami! Hii kaandikiwa baba. Wewe presha yako nani anaijua?" Nikatema. Nimenyoa vichwa miaka yote hii, sijapata kuaibishwa hivyo.

Jana akanishika mkono, nikaenda. Naam, mie, hospitali. Nikawatania wauguzi wote, wakacheka. Nikafungwa kile kitambaa mkononi, yule binti akaanza kuminya kimpira, kikajaa upepo, na Wallahi nikakuona wewe na pampu yako. Nikataka kumwambia asijaze sana. Akatazama kipimo. Akahamia mkono wa pili. Hapo ndipo alipoacha kucheka, na mie nikaacha pia. Kumbe nilikuwa nnaumwa zamani, bila ya kupimwa.

Nshapewa yangu, Vuai. Nusu zako Zuwena kazichukua akaziharibu, kopo nimemkatalia. Leo asubuhi nimemeza. Kizima. Kilinikwama kooni, lakini si kwa ukubwa wake.

Nyembe bado nnavunja nusu kwa nusu. Ile nusu ya pili nnaiweka pembeni, kisha nnaitazama tu.

Haya, kalale. Mola akusamehe ujinga wako, na mie anisamehe mdomo wangu. Mie nnakuahidi hivi: sitakosa siku hata moja. Nitazeeka polepole, kama ulivyotaka, ingawa peke yangu. Na kila asubuhi nikimaliza kumeza, nitagonga bati kwa kitana, mara moja, ujue nimemeza.

Usinijibu tu. Utaniua.

Mcha, kinyozi wako