Spesi, Siku Zile Ulizokosa Wodini

Mwanangu Spesi,

Utanivumilia mwandiko. Kifua kimenichosha, na daktari ameacha kuniambia habari za kupona. Siku hizi ananiuliza tu kama nalala vizuri. Basi niandike nikiwa bado naweza kushika kalamu.

Binti yako Neema ameingia chuo. Uuguzi wa miaka miwili, hapa hapa Louisville, njia ile ile uliyoishika wewe. Jumapili moja kabla hajaanza alitoka kanisani akaja kwangu Highview, akavua viatu, akajikunja kwenye kochi na kuniuliza, "Babu, nitegemee nini huko?" Aliniuliza mimi kwa sababu anakumbuka tulivyokuwa tukisoma mezani, wewe na mimi, yeye akiwa mtoto anachorachora pembeni.

Nikamwambia niliyojifunza kwako. Kwamba hiyo miaka miwili si miwili, maana kabla yake kuna masomo ya mwili wa binadamu na Kiingereza, na nafasi zenyewe zinagombaniwa. Kwamba kwenye mtihani majibu yote yanaweza kuwa sahihi, wao wanataka lile la kufanywa kwanza. Hilo lilikuliza, Spesi, wewe uliyekuwa umekariri kitabu kizima. Nikamweleza hesabu za dozi, na yule mdoli wa plastiki mnayejifunza kumgeuza kitandani kabla hamjamgusa mgonjwa wa kweli. Alicheka nilipomsimulia ulivyonilaza kwenye kochi ukanigeuza huku na huku, nikalalamika kwamba umenifanya gunia la mihogo, nawe ukasema, "Mgonjwa anyamaze, mwalimu anaangalia."

Kisha nikafika kwenye zamu za wodini. Kwamba zinaanza alfajiri, kwamba ukikosa unaweza kuondolewa hata kama mitihani yote umefaulu. Hapo nikakatiza maneno katikati. Neema akadhani ni kifua, akaniletea maji.

Hakikuwa kifua.

Unakumbuka binamu yangu alipofariki kule Lackawanna, karibu na Buffalo. Unatujua sisi: msiba ukitokea, hata uwe majimbo mangapi mbali, watu wanaingia kwenye magari, na asiyefika atasemwa miaka. Ulinipigia simu. Ulisema, "Baba mkubwa, wiki hii nina wodi, na nitapimwa kuchoma sindano. Niombee ruhusa kwa familia." Nikampigia dada yangu Agripina, Columbus, aliyekuwa akipanga safari. Nikamweleza. Hakusita hata kidogo. Alisema mtoto abaki na masomo yake, atalia huko huko, Mungu anaona.

Nikakata simu, nikakupigia wewe, nikakwambia wamekataa.

Basi. Nimeliandika.

Sababu yangu ni ndogo, na ndiyo inayonitia aibu kuliko uongo wenyewe. Sikuwa na gari. Agripina alisema nipande basi, watanipokea. Mimi, niliyekuwa mwalimu mkuu kule kambi ya wakimbizi kabla hatujaja Marekani, nishuke basi Buffalo peke yangu na kifurushi mkononi, kama mzee asiye na mtoto? Nilitaka wakuone ukinifungulia mlango wa gari. Nikakuhakikishia kwamba walimu wako wataelewa, kwamba msiba ni msiba popote. Nilijua hawataelewa. Kanuni zao tulizisoma pamoja, na mimi ndiye niliyekufafanulia.

Uliendesha kutwa nzima. Kule ulipika, ukaosha masufuria, ukalala chini na akina mama wenzako. Wakati wa kurudi tulipumzika kwa Agripina, Northland, huko Columbus, naye, aliyekosa nafasi ya kukuuliza kule msibani, akakuuliza mbele yangu, "Wewe nawe, si tulisema ubaki na shule?" Mimi nikatazama chai yangu. Ulinikazia macho kidogo, kisha ukamjibu, "Nilitaka mwenyewe, shangazi."

Kwa hiyo ulijua. Na kutoka Columbus mpaka nyumbani hukunigusia neno. Uliniuliza tu kama nasikia baridi.

Chuo kilikuondoa. Walisema uombe upya mwaka unaofuata. Ukarudi kwenye kazi yako ya zamani ghalani, kufunga maboksi, ukasema mwakani, na mwakani ukaugua. Siku ya kukuzika nilisimama kanisani mbele ya watu nikasema ulikuwa mtoto wa kupenda familia, aliyeacha hata shule kwa ajili ya msiba. Watu wakaitikia amina. Wewe ulidanganya ili kunisitiri, mimi nikaugeuza uongo huo kuwa sifa ya malezi yangu.

Juzijuzi mume wa Agripina alifariki. Neema akaja mbio na funguo za gari, akasema atanipeleka Columbus. Nikamuuliza, na wodi je? Akajibu, "Mama si aliacha shule akaenda? Ulisema mwenyewe kanisani."

Spesi, nilitaka kunyamaza. Nilishaanza hata kutafuta koti langu. Lakini nikakaa, nikamwambia yote, mpaka ile chai. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu, kwa Kiingereza, kama wanavyofanya vijana wa huku wakikasirika: kama nilishawahi kukuomba radhi. Nikasema hapana. Akachukua funguo zake akaondoka. Asubuhi yake alikwenda wodini, nasikia. Mimi hajanipigia mpaka leo.

Agripina naye nimemwambia, kwa simu, katikati ya msiba wake. Aliniacha nimalize yote. Kisha akasema, "Kaka, ungesema tu. Tungekufuata na gari."

Nisamehe, mwanangu. Nilitakiwa kukuambia haya ukiwa umeketi mbele yangu.

Nakuahidi jambo moja, na Agripina amekubali kulisimamia. Siku ya kunizika mimi, kama Neema ana zamu, asiitwe. Na wakiuliza mjukuu wa mzee yuko wapi, Agripina asimame awajibu kwamba yuko wodini, kwamba mimi ndiye niliyeagiza, kisha awaeleze kwa nini. Asiache kitu.

Pumzika, Spesi.

Baba yako mkubwa