Tuta la Bugomora Linatoa Matope

Baba,

Shikamoo, ingawa najua leo nitajiitikia mwenyewe.

Tangu tukuzike kibanjani, kati ya migomba yetu, mvua haijapumzika. Lambo ulilotujengea hapa Bugomora ukiwa fundi wa maji limejaa pomoni. Watu walikusifu, nami nikavimba kichwa kwa niaba yako. Kisha nikaona unyevu chini ya tuta, upande wa kwetu.

Nimefanya ulivyonifundisha, tulipokuwa tunagombania kifutio mezani. Nimelichora tuta kwa miraba, upande wa lambo nikaweka kina cha maji, upande wa chini sifuri, katikati nikakisia. Halafu kila nukta nikaipa wastani wa majirani zake wanne, nikarudia tena na tena. "Usiache mpaka namba zichoke kuhama," ulikuwa unasema huku unatafuna punje za kahawa. Zimechoka, Baba. Zinasema tuta litasimama, ila kwa chupuchupu. Na hesabu yangu inadhani udongo wote ni mmoja. Wewe na mimi tunajua tuta lilijengwa kwa msaragambo, kila kaya na kipande chake, na wengine walishindilia kwa miguu huku wanapiga soga.

Nilijipa moyo kwa sababu maji yaliyovuja yalikuwa safi. Leo asubuhi yametoka na matope, yaani yanalila tuta kwa ndani. Naogopa, Baba.

Nimeagiza koki ifunguliwe, lambo litolewe maji polepole. Kiangazi kikifika bila maji watu watanilaani, na watakuwa na haki. Ila maji hayapungui kwa siku moja, na walio chini lazima wahame sasa. Majirani zetu waliotoka Rwanda wamefunga mizigo bila kuuliza. Mama amegoma. Ametandika mkeka kando ya kaburi lako na kuketi. "Nimwache baba yako na nani?" ananiuliza. Nimembembeleza, nimefoka, nimemleta mchungaji. Wapi.

Ndiyo maana nakuandikia. Ungekuwapo, neno lako moja lingemwinua.

Nikiweka kalamu chini nashuka kumchukua. Nitambeba mgongoni hata akinipiga, mpaka kwa shangazi kule juu.

Kwaheri, Baba. Nakuahidi Mama atakuwa hai, hata kama hatanisemesha tena. Wewe nakuacha. Maji yakija, yatakukuta peke yako.

Mwanao,
Projestus