Orodha Niliyoipiga Taipu

Baba yangu mpenzi,

Jana nilipita stesheni ya Nakuru nikakuta treni ya dizeli ikingoja kuondoka kwenda Kisumu, inanguruma tu, haina pumzi. Nilishikwa na hasira za kijinga. Tangu uende sina mtu wa kumkasirikia, basi nakasirikia mitambo.

Siku hizi hawajui kwamba kila injini ya mvuke ilikuwa na dereva wake, naye aliitunza kama mke wa pili. Mama ndiye aliyesema hivyo, na hakuwa akitania sana. Yako ulikuwa ukiiita Shosho, yaani bibi. Siku za mapumziko ulikwenda shedini, kule injini zilikolala, na matambara ya nguo zetu kuukuu, ukaisugua shaba yake hadi ukajiona uso. Nikiwa darasa la tatu ulinipakia kwa gari la moshi la abiria hadi Elburgon. Kila kona nilichungulia dirishani nikuone kule mbele, kiwiko chako nje. "Yule ni babangu!" niliwaambia watu. Mama mmoja mwenye kuku akanijibu, "Basi mwambie asitumwage."

Tena kulikuwa na ule mchanga wa kumwaga motoni ili kusafisha mabomba ya injini. Ulitoa moshi mweusi tititi, kwa hivyo hukuruhusu umwagwe kabla ya kupita nyumba za wafanyakazi, kwa sababu ya nguo kambani. Jumamosi moja msaidizi wako alisahau, na yunifomu za majirani zikawa nyeusi kama makaa. Jioni ulipita mlango kwa mlango na kofia mkononi: "Ni sisi, mama. Pole sana." Mama alifua mashuka ya watu siku mbili akikununia.

Nilipomaliza shule uliniombea kazi ya taipu katika ofisi ya shedi. Hapo, katikati ya miaka ya sabini, bosi alinipa orodha ya injini za kuuzwa kama vyuma chakavu. Shosho ilikuwa ya nne. Niliipiga nambari yake bila kukosea, na nakala mbili za kaboni. Nikaambiwa nifunge mdomo mpaka tangazo litoke, nami nikaogopa kufutwa.

Wiki tatu, Baba! Shosho ilikuwa imeegeshwa ikingoja bomba jipya, au ndivyo ulivyodhani. Kila asubuhi ulipita dirishani kwangu na matambara kwapani kwenda kuisugua, ukanipungia mkono. Nami nikakupungia.

Siku walipoanza kuikata kwa moto wa gesi, ulikuja nyumbani mchana, umekwajuka.

"Ulikuwa unajua?"

"Hapana, Baba. Sikuwa najua."

"Hata wewe wamekuficha? Mtoto anafanya kazi kwa ofisi yao na wanamficha!"

Ukatoka mbio kwenda kunipigania. Jioni ulirudi, ukala, ukaniomba chumvi. Nilidhani yamepita.

Kesho yake bosi aliniambia ulikuwa umemfokea mbele ya makarani wote, kwamba wamemdharau binti yako. Akakutolea nakala. Uliuliza zile herufi mbili chini ya karatasi ni za nani, akakujibu ni za aliyepiga taipu. Akasema uliikunja karatasi vizuri, ukamrudishia, ukamwomba msamaha.

Hukukanyaga tena shedini. Ulistaafu mapema ukaenda kulima viazi Kabazi, nami nilikuja kila mwisho wa mwezi nikiwa nimeyapanga maneno yangu. Nikifika tu ulianza wewe kunieleza habari za mvua. Miaka sita tuliongea juu ya mvua. Laiti ungenitukana. Laiti ungenichapa kibao, nikiwa mtu mzima na watoto wangu wakiona, ningekushukuru.

Kisha ukaugua. Hospitalini daktari aliniita pembeni, akaniambia hutamaliza mwezi. Niliporudi kitandani ulinishika mkono, mkono wako umebaki mifupa.

"Umeongea na daktari. Sasa niambie ukweli, mama. Nitapona ama hapana?"

Nikakuambia utapona.

Ukaachilia mkono wangu ukageukia ukuta. Ulikufa siku ya tisa, na siku zote hizo hukuniuliza kitu kingine. Siombi unisamehe, Baba, maana sijui ningeanzia uongo upi. Lala tu.

Kifungua mimba wako